Ukienda kupanga nyumba Lamu, ulizia maji kabla ya kutazama bahari

Huenda nawe, msomaji mpenzi, ni mmoja wa wale ambao wakichoshwa na moshi wa matatu na makelele ya ploti za Nairobi hufumba macho na kujiona wameketi kwenye baraza ya nyumba ya mawe, kikombe cha kahawa chungu mkononi, wakitazama mashua zikipita. Ndoto si dhambi, na Lamu ni mji unaostahili kuotwa. Shirika la UNESCO liliuorodhesha mji huo wa kale kuwa urathi wa dunia mwaka wa 2001, na yeyote aliyepita vichochoro vyake jioni, upepo ukivuma kutoka baharini, haulizi ni kwa nini.

Lakini kuutembelea mji ni jambo moja, na kuuhamia na watoto, masufuria na magodoro ni jambo jingine kabisa. Mgeni wa siku tatu huamshwa na chai. Mpangaji huamshwa na tangi tupu. Mimi nimekuwa mpangaji Lamu tangu Agosti 2022, pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili, na haya ninayokueleza sikusimuliwa na mtu.

Tulihamia kwa barua. Mume wangu ni mtumishi wa serikali, na katika kazi hiyo barua ya uhamisho ni kama mvua ya vuli, hujui itakunyea lini. Alipewa wiki tatu awe amefika. Katika familia nyingi za watumishi wa umma unajua kinachofuata: baba hutangulia na begi moja, mama na watoto hubaki Nairobi, nayo ndoa huwa ya simu na ya kutumiana pesa. Sisi tulikuwa tumeyaonja hayo. Alipokuwa Garissa kwa miaka miwili, kitinda mimba wetu alifika mahali pa kulia kila baba yake alipotaka kumbeba, kana kwamba kashikwa na kondakta wa matatu. Kwa hivyo mara hii nilimwambia mume wangu kwamba tutakwenda sote, kwa sharti kwamba tupate nyumba ambayo watoto wanaweza kuishi. Tukishindwa kuipata kwa miezi mitatu, mimi na watoto tutarudi Nairobi na kuzoea tena maisha ya simu. Nyumba, basi, haikuwa suala la kuta na paa. Ndiyo iliyokuwa iamue kama tutaishi pamoja au la.

Mama mkwe wangu alipiga simu mara nne siku aliposikia habari hizo. "Mwanangu, Lamu si ndiko kule watu walikouawa?" Hakuwa anapayuka. Mnamo Juni 2014 zaidi ya watu 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya karibu, na mauaji hayo yaliacha vilio hadi Mlima Kenya. Nilimweleza kwamba Mpeketoni iko ng'ambo, upande wa nchi kavu, nao mji wa Lamu uko kisiwani. Alininyamazia kidogo, kisha akaniuliza kama kisiwani kuna hospitali. Nikamwambia ipo. Akasema ataomba.

Barabara ya kutoka Garsen sasa ni ya lami, tofauti na zamani ambapo msafiri alifika mwekundu kwa vumbi. Vizuizi vya polisi ni vingi. Weka kitambulisho karibu na ushuke kila unapoambiwa, wala usinung'unike. Basi hukomea Mokowe. Hapo kila kitu chako hushuka, na kutoka hapo ni boti, nusu saa hivi kwa boti ya kawaida. Kama unalo gari, mjini halina kazi, kwa kuwa vichochoro vya Lamu vilijengwa kwa kipimo cha punda mwenye mzigo na mtu anayempisha.

Dalali na madirisha yake

Wiki ya kwanza tulikaa katika chumba cha wageni tukizungushwa na dalali. Alikuwa kijana mwenye adabu na simu mbili. Alituonyesha nyumba nne, zote za ufuoni au karibu yake, na katika kila nyumba alianza kwa kufungua dirisha. "Tazama bahari hiyo!" Tukaitazama. Kwa kweli ilipendeza. Katika nyumba zote nne hakufungua mfereji hata mmoja.

Nyumba ya kwanza kodi yake ilikuwa Sh40,000 kwa mwezi, na mwenyewe alitaka iachwe wazi Desemba na Januari ili aipangishe watalii kwa siku. Nilimuuliza dalali sisi tutakuwa wapi miezi hiyo miwili. Akacheka, akasema watu wa bara hupenda kwenda kusalimia wazee. Ukisikia habari za msimu, msomaji, ziandikwe kwenye mkataba waziwazi au uage kwa heshima. Kuna wenye nyumba ambao mwaka mzima ni watu wema, ila Desemba ikikaribia humwona mpangaji kama kuku aliyelalia mayai yasiyo yake.

Ufuoni kwenyewe pana raha na karaha zake. Boti huanza kunguruma kabla ya jua, na mahamali wana sauti. Chumvi hula kila chuma: bawaba, misumari, mlango wa friji, hata uti wa mwavuli. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa hadi ukayasikia yakipiga ukingo wa gati. Siku za maji mafu bahari hutulia, nawe ukadhani ni mahali pengine. Mtu asiye na watoto wadogo anaweza kuyapenda hayo. Mimi nilikuwa na mmoja wa miaka mitatu asiyeogopa kitu chochote kinachong'aa.

Aliyetuokoa ni mwenzake mume wangu kazini, mzaliwa wa Langoni. Alipoona wiki inaisha alituambia, "Hapa nyumba haitafutwi kwa macho, hutafutwa kwa mdomo." Jioni hiyo akatupeleka Mkomani kwa shangazi yake, mama wa makamo ya miaka 70 hivi, ambaye orofa ya juu ya nyumba yao ilikuwa tupu. Watu wote walimwita Bi Mkubwa, nasi tukamwita hivyo hivyo.

Tulipopiga hodi alitokea mlangoni, akamtazama binti yangu wa miaka saba na kumwita, "Ndoo!" Binti yangu, ambaye nyumbani neno hilo lina maana moja tu, akaiona ndoo kando ya mlango, akaibeba kwa mikono miwili na kumpelekea. Bi Mkubwa alicheka hadi akajishika kiuno. Katika Kiamu "ndoo" ni "njoo", kama vile "ndia" ilivyo njia na "ndaa" ilivyo njaa. Nafikiri nyumba tuliipata hapo, kabla hata hatujaketi.

Hata hivyo alituhoji. Nilikuwa nimezoea Nairobi, ambako mwenye nyumba hutaka kujua mshahara wako na namba ya simu ya mdhamini. Bi Mkubwa hakuuliza mshahara. Aliuliza sisi ni watoto wa nani na wa wapi, kama wazazi wako hai, kama baba watoto hupiga kelele akikasirika, kama tunakunywa. Alitaka kujua kama nitakubali kuita kwa sauti kabla ya kupanda juu ya dari au kumpandisha fundi, kwa maana kutoka huko mtu anaweza kuchungulia nyua za majirani, na wanawake hukaa humo vichwa wazi. Nilimwambia sisi ni Wakristo. Akasema hilo ameliona kwenye jina, yeye aliuliza habari za kelele.

Maji

Ndipo nikauliza maswali yangu, na la kwanza lilikuwa la maji. Hili naomba ulisome polepole.

Maji matamu ya mji wa Lamu hutoka kwenye visima vilivyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua hunyesha, mchanga huyanyonya, nayo hukaa chini juu ya maji ya bahari, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Ukiyavuta kupita kiasi, chumvi hupanda. Ndiyo sababu watu wanapotaka kujenga juu ya vilima hivyo, mji mzima hupiga kelele, nao wana haki. Maji hayo huja nyumbani kwa zamu, na siku isiyo yako unategemea tangi lako, au kisima cha mtaani ambacho pengine ni cha chumvi.

Kwa hivyo usiulize "maji yapo?" Kila mtu atakujibu yapo, na hatakuwa amesema uongo. Uliza huja siku gani na saa ngapi. Uliza tangi ni la lita ngapi na linatumiwa na nyumba ngapi. Uliza pampu ni ya nani na umeme wake hulipwa na nani. Kisha omba kipande cha sabuni unawe mikono. Sabuni ikikataa kutoa povu, umepata jibu ambalo dalali hangekupa. Bi Mkubwa aliniletea sabuni bila kushangaa. Povu lilitoka. Nikaomba na glasi ya maji, nikayaonja. Akaniambia, "Wewe mwanangu una akili," na mume wangu, ambaye muda wote huo alikuwa akistaajabia mlango wa nakshi, akaacha kuustaajabia.

Kodi ilikuwa Sh15,000 kwa mwezi na dipoziti ya mwezi mmoja. Mume wangu alitaka mkataba wa maandishi. Nilihofia kwamba mama huyo ataona hatumwamini. Wapi! Alisema dini yake imeamrisha deni kuandikwa, akamwita mjukuu wake alete kalamu. Tuliandika nakala mbili kwa mkono, tukaweka sahihi, na mpwa wake akawa shahidi. Kipengele kimoja, alichokitaja yeye mwenyewe, kilisema kwamba anayetaka kuvunja mkataba, awe yeye au sisi, atoe notisi ya miezi mitatu. Ukumbuke hicho kipengele.

Kuishi ndani ya matumbawe

Vyombo vyetu vilifika Mokowe kwa lori, vikavuka kwa boti na kupanda Mkomani juu ya migongo ya punda sita. Seti ya sofa tulikuwa tumeiuza Nairobi, kwa shauri la yule mwenzake mume wangu, na nakuomba ufanye vivyo hivyo. Nyumba za kale za Lamu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Upana wa chumba ni urefu wa boriti, basi. Vyumba huwa virefu na vyembamba, na sofa ya Nairobi ikiingia humo hukaa kama ng'ombe kwenye banda la mbuzi. Kabati nalo halihitajiki sana. Ukutani mna zidaka, yale matundu yenye nakshi ya chokaa ambamo watu wa kale walipanga vyombo vyao vya thamani. Sisi tulipanga vitabu vya shule na dawa za mbu.

Kuta ni nene mno, na saa saba mchana, jua likiwa kali nje, ndani huwa kama umeingia kwenye kivuli cha mwembe. Lakini kuta hizo hupumua. Fundi mzee aliyekuja kutukarabatia ukuta wa ngazini alinieleza kwamba mtu akipaka saruji juu ya matumbawe, unyevu na chumvi hukosa pa kutokea, nayo plasta huanza kubanduka vipande vipande. Chokaa huacha ukuta ukauke. Nikaanza kuzitazama nyumba nyingine kwa jicho hilo, na ni kweli, zile zilizobandukabanduka vibaya nyingi zilikuwa zimepakwa saruji. Ukienda kukagua nyumba, pitisha kiganja ukutani kule chini karibu na sakafu. Ukitoka na unga mweupe wa chumvi, uliza mara ya mwisho ilipakwa nini. Na usipigilie msumari popote bila ruhusa. Mji wa kale ni eneo la hifadhi, na kubadilisha sura ya jengo kuna taratibu zake.

Meko yalikuwa juu kabisa, darini, mahali ambapo wenyeji huita kidari cha meko. Moshi na joto huchukuliwa na upepo, jambo la busara sana kwa aliyebuni, na la taabu kwa anayepandisha mtungi wa gesi. Ngazi zilikuwa za mawe, zenye mwinuko mkali. Tulimtafuta seremala tukaweka vijilango viwili vya mbao, juu na chini, Sh3,000, na hiyo ndiyo pesa niliyoitumia kwa furaha kuliko zote.

Mengine mtu hujifunza kwa kuishi. Kaskazi inapovuma, tangu karibu Desemba hadi Machi, samaki ni wengi na bei huwa ya kibinadamu. Kusi inapoingia bahari huchafuka na wavuvi wengi hawatoki, basi ukala maharagwe kama uko Nyeri. Kila kinachovuka maji, tangu saruji hadi nyanya, hulipa nauli yake, na nauli hiyo hulipwa nawe. Kinyesi cha punda utakizoea, na mitaro ya maji machafu inayopita vichochoroni utajifunza kuiruka. Siku za Maulidi mji hujaa wageni hadi barazani, na ukiwa na chumba cha ziada utaombwa ukitoe. Toa. Sisi tulipokea akina mama watatu kutoka Tana River tusiowajua, wakakaa siku nne, na mkate wa mofa waliotuachia uliisha baada ya wiki.

Usiku mmoja wa Mei 2023 mume wangu alikuwa Faza, kisiwani Pate, kwa kazi. Saa nane za usiku kitinda mimba akashikwa na homa kali, akaanza kutetemeka na macho yakageuka juu. Umeme ulikuwa umepotea. Nilishuka ngazi naye kifuani nikabisha mlango wa chini. Sikubisha mara ya pili. Bi Mkubwa alitoka na buibui lake na tochi, mjukuu wake akampokea mtoto na kuanza kukimbia, nasi wawili nyuma yake, mama wa miaka 70 akinishika mkono mimi wa miaka 34 na kuniambia wapi pana mtaro. Kufika hospitali ya King Fahd, majirani wawili walikuwa wameshatangulia kumwamsha mhudumu. Sijui nani aliwaambia. Ilikuwa malaria, na mtoto alipona. Mama mkwe wangu nilimpigia asubuhi. Aliomba azungumze na Bi Mkubwa, na tangu siku hiyo hao wawili hupigiana simu bila kunihusisha.

Nyumba ni ya nani?

Sasa nifike kwenye swali ambalo hakuna dalali atakayekuambia uliulize, ingawa kwa maoni yangu ni la pili baada ya maji. Nyumba hii ni ya nani?

Katika miji ya kale ya pwani nyumba nyingi si za mtu mmoja. Nyingine ni wakfu, yaani zilitolewa kwa ajili ya msikiti au kizazi fulani, na haziuzwi. Nyingine ni mirathi ya ndugu ambao hawajagawana. Nyumba ya Bi Mkubwa ilikuwa ya mirathi. Baba yao aliacha watoto watatu, wanaume wawili na yeye, na kwa sheria ya Kiislamu mwana wa kiume hupata mafungu mawili na wa kike fungu moja. Kwa hivyo yeye alikuwa na fungu moja kati ya matano katika nyumba aliyozaliwa ndani yake, aliyozalia watoto wake na kuwauguzia wazazi wake wote wawili. Ndugu zake waliishi Mombasa na Malindi.

Katikati ya 2024 akatokea mnunuzi kutoka Ulaya. Si jambo geni; tangu miaka ya 1970 wageni wamekuwa wakinunua nyumba za mawe za Lamu na Shela, na baadhi wamezikarabati vizuri zilipokuwa karibu kuanguka. Sina ugomvi nao. Bei aliyotaja huyo mnunuzi ilikuwa kubwa, ndugu wakaitaka, na Bi Mkubwa hakuwa na pesa za kuwalipa mafungu yao ili abaki. Hakulia mbele yetu. Alisema, "Ni haki yao," akaendelea kuchambua mchele.

Wakala wa mauzo alikuja Jumanne. Alitupa wiki mbili tuondoke, kwa sababu mafundi wa mnunuzi walikuwa tayari. Mtihani wa binti yetu ulikuwa mwezi uliofuata. Mume wangu alianza kumweleza, kwa upole wake wa kiofisi, kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 2012 inasema kodi ikiwa ya kila mwezi notisi haiwezi kupungua mwezi mmoja. Wakala akamjibu kwamba hayo ni ya Nairobi. Hapo mlango wa chini ukafunguka. Bi Mkubwa alipanda zile ngazi kali, jambo ambalo kwa magoti yake halifanyi kwa mchezo, mkononi akiwa na nakala yake ya mkataba, imekunjwa na kunukia udi kwa kuwa aliihifadhi sandukuni pamoja na nguo zake za sherehe. Akamwonyesha wakala kipengele cha miezi mitatu.

"Fungu langu katika nyumba ni moja," akamwambia, "lakini sahihi hii ni yangu yote."

Wakala alikipiga picha kile kikaratasi kwa simu, akatoka. Hakurudi tena kutuharakisha. Tulikaa miezi yote mitatu, binti akafanya mtihani wake, na dipoziti yetu ya Sh15,000 ikarudishwa bila kukatwa hata senti. Mnunuzi mwenyewe, tulipokutana naye, alisema hakujua kama kuna wapangaji.

Lakini hebu fikiria, msomaji. Sisi wageni, watu wa juzi, tulikuwa na karatasi iliyotupa siku 90. Bi Mkubwa, mwenye nyumba, hakuwa na karatasi ya namna hiyo. Aliondoka mwezi mmoja kabla yetu, akaenda kukaa kwa binti yake Langoni, katika chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Mume wangu na mjukuu wake walibeba lile sanduku. Kwa wiki nne nilizobaki pale juu bila yeye chini, nyumba ilikuwa na maji, umeme na upepo, na watoto wakawa hawataki kushuka ngazi.

Tulipoanza kutafuta tena hatukumwita dalali. Bi Mkubwa alisema atauliza, na kwa siku sita akaipata nyumba Langoni, hatua 40 kutoka kwake. Binti yangu alizihesabu. Si ya mawe ya kale kama ile, na bahari huioni mpaka upande darini na kusimama juu ya kiti. Kodi ni Sh17,000. Sabuni ilitoa povu. Mwenye nyumba, mzee mpole muuza vitambaa, alitaja mwenyewe kwamba atalipa kodi ya mapato ya kupangisha, ambayo ilishushwa kutoka asilimia 10 hadi 7.5 mwanzoni mwa 2024, na kwamba hataitia kwenye bei yangu. Nilishukuru.

Kisha nikamuuliza nyumba ni ya nani. Alinitazama, akamtazama Bi Mkubwa aliyekuwa ameketi kando akijifanya hasikii, akaanza kuhesabu kwa vidole: yeye, dada zake wawili, na kaka zake wawili, mmoja wao akiwa Muscat. Nilimwomba kwa heshima kwamba wote watano watie sahihi. Mume wangu aliona haya. Mzee hakuona tatizo. Wanne walitia sahihi siku hiyo hiyo, na karatasi ikasafiri hadi Muscat kwa mkono wa jamaa aliyekuwa akirudi kazini, ikarudi kwa mkono wa mwingine aliyekuja likizo. Ilichukua wiki tano. Muda huo wote magodoro yetu yalikuwa yamepangwa katika kile chumba kimoja cha Bi Mkubwa, naye alilala juu yake kama malkia, akisema hajawahi kulala juu namna hiyo.